Presha za Watu wa Arobaini na Kitu

Siku niliyostaafu nilipewa saa ya ukutani, blanketi la maua, na keki iliyoandikwa jina "Mwikari". Mimi ni Mwikali. Mkubwa wetu alisoma hotuba kutoka kwa simu yake, akasema nimeitumikia jamii kwa moyo wote, kisha akaondoka kabla ya chakula kwa sababu alikuwa na mkutano mwingine. Tulikula keki. Ilikuwa na sukari ya kumwangusha ng'ombe, na katika kile chumba tulikuwa wanne wenye kisukari.

Ninyi wauguzi wadogo mliobaki mliniomba niwaandikie kitu kuhusu kazi. Nafikiri mlitaka mawaidha. Vyeo sitavitaja, kwa maana vilichelewa, na vilipokuja havikubadilisha kitu. Mshahara mnaujua. Nitaandika kuhusu watu wa umri mmoja tu, wale wa miaka arobaini mpaka sitini, kwa sababu hao ndio niliowahudumia kwa muda mrefu zaidi. Tena kuna mmoja wao ambaye nilimkosea, na hilo sijawahi kuwaambia.

Nilianzia Kitui, katika dispensari ya vyumba vitatu, ng'ambo ya mto wa mchanga. Nilikuwa nimesomea kuzalisha na kuchanja. Kila siku ya wiki ilikuwa na wenyewe: Jumatatu wajawazito, Jumanne watoto wa chanjo, Jumatano akina mama wa kupanga uzazi. Mwanamume wa miaka arobaini na tano hakuwa na siku. Alikuja akiwa amemleta mtu, au akiwa ameletwa.

Mkubwa wa dispensari alikuwa Nzioka. Kwa vyeti alikuwa tabibu wa kawaida, lakini kijiji kizima kilimwita Daktari, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alikuwa mwembamba, mkali, na koti lake jeupe lilikuwa limefuliwa mpaka likawa rangi ya maji ya mchele. Wiki yangu ya kwanza nilimpima presha mama mmoja aliyetoka mbali, nikaandika, nikaita mwingine. Nzioka akanishika mkono.

"Huyu mama ametoka wapi?"

"Sijui, Daktari."

"Ametembea saa mbili kwa miguu. Wewe umepima kile kilima, yeye bado hujampima. Mketishe."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Mgonjwa akae mgongo ukiwa umeegemea kiti, miguu yote miwili chini, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo. Awe ametoka chooni. Awe hajanywa kahawa. Asiongee, na wewe usimwongeleshe. Dakika tano. Dakika tano ni ndefu sana kwa muuguzi mwenye foleni ya watu sitini, ndiyo maana karibu hakuna anayezingoja. Mtu mnene ukimfunga mkanda mdogo wa kupimia, presha inapanda kwa uongo, na utampa dawa kwa sababu ya unene wa mkono wake. Mashine yetu ilikuwa ya zebaki, ndani ya sanduku la bati, na kila Ijumaa Nzioka aliibeba nyumbani kwake. Wezi hawakumtisha. Aliogopa wakubwa wangeikopa.

Kitu kingine alichonifundisha ni hiki: "Andika ulichoona. Hata kama kinakutisha, hata kama mgonjwa analia. Ukiandika kingine, afadhali uende ukauze duka."

Nilikaa naye miaka mingi. Nilipohamishwa kwenda Mtito Andei, kwenye barabara kuu ya Mombasa, nilikuwa nimefika arobaini na tatu mimi mwenyewe, nina kilo ambazo sikuwa nazo nilipoanza kazi, na mume wangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Nilipewa nyumba ya chumba kimoja nyuma ya kituo cha afya, na usingizi wa kelele za malori.

Pale ndipo nilipowajua watu wa arobaini na kitu. Madereva waliingia wakisema kichwa kinawauma na shingo imekaza, wakitaka dawa ya malaria. Ukiwapima, malaria hakuna. Presha iko juu ya paa. Mtu ameketi kwenye usukani saa kumi na nne, amekula nyama choma na chapati mahali lori liliposimama, amekunywa chai yenye vijiko vitano vya sukari na soda juu yake, ametafuna miraa ili asilale, na nyumbani kwake hajafika kwa wiki tatu. Halafu tunampa Panadol anarudi barabarani.

Nilimwomba mkubwa wa kituo chumba kimoja, siku ya Alhamisi, kwa ajili ya watu hao. Alinipa stoo ya vitanda vilivyovunjika. Alhamisi ya kwanza walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Yule mwingine alikuwa Kioko. Alikuwa na miaka arobaini na nne, dereva wa lori la simiti, mtu wa Kilungu mwenye tumbo la kutangulia na kicheko kilichosikika mpaka maabara. Nilimketisha dakika tano. Ilimsumbua sana kunyamaza.

"Sista, kwani hii ni kanisa?" aliuliza.

Presha yake ilikuwa juu. Nilimpa dawa, nikamwambia arudi baada ya wiki mbili akipita, na sikutarajia kumwona tena. Alirudi, na madereva wanne nyuma yake kama kuku na vifaranga. "Hawa nao wana vichwa," alisema.

Baada ya mwaka mmoja stoo ile haikutosha. Walikuja madereva, wenye hoteli, mwalimu mkuu wa shule ya karibu, mama mmoja wa lojing'i ya wasafiri, na askari wa kulinda petroli. Tulipima, tukaongea, kisha tukatembea kabla jua halijakuwa kali. Tulitembea upande wa reli, kwa sababu upande ule mwingine ni wa ndovu. Wanaume ambao hawakuwa wametembea kilomita moja tangu walipooa walikuwa wanapandisha suruali na kuhema. Kioko ndiye aliyewapa nidhamu. Mkewe, Ndinda, alimfungia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe kwenye hotpoti kubwa, na Kioko hakuona aibu kufungua hotpoti hiyo katikati ya hoteli ya nyama. Wenzake walimcheka. Baada ya miezi mitatu watatu kati yao walikuwa na hotpoti zao.

Alikuwa pia na mpango, na alitueleza kila Alhamisi kana kwamba hatujausikia. Kule Kilungu, kwenye mteremko aliorithi kwa baba yake, alikuwa anapanda parachichi za kupandikiza, mstari kwa mstari, kila alipopata likizo. "Nikifika hamsini, Sista, lori nawaachia. Mimi nitakuwa mtu wa miti. Nitalala kwangu, nitakula kwangu, presha itatafuta mtu mwingine."

Nilimpenda kwa mpango ule. Wengi wa umri wake walikuwa hawana wowote. Walikuwa wanaishi kama mtu aliyepitwa na basi, amesimama tu stendi.

Kitu kimoja sikujua kukishika, na hapa naomba mnisikie vizuri. Wakiwa wamezoeana, wale wanaume walianza kusema mambo. Mmoja alisema hajalala vizuri tangu mwanawe alipofukuzwa chuo. Mwingine alisema anaweza kukaa kwenye lori lililozimwa saa nzima bila kujua kwa nini hashuki. Walitumia neno moja: mawazo. "Nina mawazo, Sista." Mimi nilikuwa na dawa ya presha, dawa ya sukari, na jedwali la chumvi. Kwa mawazo nilikuwa na jibu moja: "Wacha mawazo mengi, mwachie Mungu." Nilimwambia mtu aache mawazo kama vile ningemwambia mwenye njaa aache njaa.

Wakubwa walisikia habari zetu. Walikuja Alhamisi moja na gari mbili, bango, na fulana zilizoandikwa maneno ya afya bora. Walitembea nasi hatua kama mia mbili, wakapigwa picha, wakarudi kwenye gari. Fulana zote zilikuwa saizi ndogo. Mwezi uliofuata chumba chetu kilichukuliwa kuhifadhi bango na fulana zilizobaki, nasi tukaanza kupimia watu chini ya ukingo wa paa, kwenye upepo. Wengi waliacha kuja. Siwalaumu. Hakuna mtu mzima anayetaka kuvua shati mbele ya foleni ya akina mama wajawazito. Kioko naye alianza kupotea. Alipita mara moja kwa miezi miwili, kisha mara moja kwa mitatu.

Halafu akaja siku ambayo haikuwa Alhamisi. Hakucheka alipoingia. Alikuwa na karatasi mkononi.

"Sista, kampuni inataka fomu ya daktari. Kila dereva. Bila hiyo hushiki lori."

Daktari wetu alikuwa kwenye semina, na fomu za madereva nilikuwa naruhusiwa kuzijaza. Nilimketisha. Dakika tano. Mia na tisini, chini mia na kumi na sita. Nikangoja, nikapima tena. Nikapima mkono wa pili. Haikushuka.

"Dawa unakunywa?"

Alikuwa anatazama picha ya ukutani ya mtoto anayenyonya. "Niliacha."

"Lini?"

"Tangu Krismasi."

Tulikuwa tumepita Pasaka. "Kwa nini, Kioko?"

"Sista, wewe ni mama. Hayo siwezi kukuambia."

Hakuhitaji kuniambia. Kila muuguzi wa presha anajua kwamba zile dawa zingine humfanya dereva asimamishe lori kila nusu saa kwenda vichakani, na zingine humfanya mume ashindwe na mkewe. Mtu ametoka safari wiki tatu, anafika nyumbani, na mwili unamkana. Anaona aibu, anatupa dawa, hamwambii mtu. Na dawa za kubadilisha zilikuwepo, kwenye kabati lile lile, rafu ya juu. Kwa miaka mitatu nilimuuliza Kioko kuhusu chumvi. Sikuwahi kumuuliza kuhusu kitanda chake, kwa sababu mimi pia niliona aibu.

"Nitakupa nyingine," nilimwambia. "Lakini kwenye fomu siwezi kuandika wewe ni mzima. Nitaandika upumzike mwezi mmoja, tukupime tena."

"Ukiandika hivyo mimi nimeisha." Aliongea polepole. "Pale mlangoni kuna vijana wanangoja usukani. Mimi niko arobaini na saba. Nani atamwandika mtu wa arobaini na saba mwenye presha? Miti yangu imefika magotini tu, haijazaa hata moja. Mwanangu Mwende ameingia kidato cha kwanza. Miaka miwili, Sista. Nakuomba miaka miwili."

"Na usiku unalala?"

"Usingizi ulienda. Nikifunga macho naona barabara. Na nikiwa barabarani, wakati mwingine naona... Ni mawazo tu."

"Wacha mawazo mengi, Kioko," nilisema. "Mwachie Mungu."

Kisha nilichukua kalamu nikaandika mia na thelathini na sita, chini themanini na sita. Nilizichagua nambari hizo kama mtu anavyochagua nyanya sokoni: zisiwe nzuri mno zikashukiwa, zisiwe mbaya zikakataliwa. Nikatia sahihi na muhuri. Nikampa dawa mpya, nikamwapisha arudi Alhamisi. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Alhamisi hakuja. Alikuwa safarini. Ile iliyofuata pia.

Wiki ya tatu alisimamisha lori Malili kunywa chai. Namshukuru Mungu kwamba alikuwa amesimama, kwa maana lori lile likiwa limejaa simiti lingeua watu. Mama aliyekuwa anauza chai alisema baadaye kwamba aliona kikombe kikiinama mkononi mwa Kioko, chai ikimwagika kwenye paja lake, naye hashtuki. Alimwita. Kioko alitaka kujibu na mdomo ukaenda upande mmoja. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na maneno yake yote.

Nilisikia kutoka kwa madereva. Nilikaa kwenye kile kiti cha wagonjwa, mgongo umeegemea, miguu chini, muda mrefu kuliko dakika tano.

Miezi michache baadaye alikuja bwana mmoja kutoka ofisi ya ile kampuni, shati safi, adabu nyingi. Ndinda alikuwa amepeleka malalamiko kwamba mumewe alitumwa safari mfululizo bila kupumzika ilhali ni mgonjwa, naye alikuwa anadai fidia. Yule bwana alitoa fomu yangu. Ilikuwa ndani ya karatasi ya plastiki, safi kuliko nilivyoiandika.

"Sista, hii ni sahihi yako?"

Ningeweza kusema kila kitu pale pale. Ningepoteza kazi, na leseni pengine. Nilikuwa mjane wa karibu miaka hamsini, na wana wawili chuoni. Nilifikiria yale yale Kioko aliyofikiria: nani atamwandika mtu wa umri huu?

"Ndiyo," nilisema. "Ni yangu."

"Na vipimo ni hivi?"

"Ni hivyo."

"Asante sana. Umetusaidia." Akanipa kalamu yenye jina la kampuni, ya zawadi. Ndinda hakupata kitu. Walisema mtu aliondoka kwao akiwa mzima na karatasi ipo, na ugonjwa ni mipango ya Mungu.

Likizo hiyo nilisafiri Kitui kumtafuta Nzioka. Alikuwa amestaafu, anafuga nyuki. Aliniwekea asali kwenye kisahani, akakumbuka sukari yangu, akairudisha jikoni. Nilimweleza yote. Nilikuwa nimeenda kugombezwa. Nilihitaji mtu wa kunigombeza kuliko nilivyohitaji chakula.

Alisema, "Mwikali, mimi niliweka sahihi kama hiyo mara nyingi. Walimu, makarani, mapolisi wa kwenda kozi. Watu wananiangalia na watoto wao nyuma. Nitafanya nini?"

"Lakini wewe ndiye uliniambia niandike nilichoona."

"Nilikuambia vile nilivyotaka niwe." Alipangusa kijiko kwa kitambaa. "Tofauti yetu ni kwamba wa kwangu sijui walikoishia. Wewe wa kwako unamjua mpaka nyumba."

Nilirudi na uchungu wa aina mbili. Kwa miaka yote ile nilidhani kuna mtu mmoja aliyesimama wima.

Nikaanza kwenda Kilungu. Kila mwezi, siku yangu ya kupumzika, nilishuka kwenye njia panda, nikapanda ile njia ya miguu mpaka kwa Kioko na mashine yangu ndogo ya betri kwenye kiondo. Nilimpima. Nilimnyoosha vidole kimoja kimoja. Nilimfundisha kuminya mpira wa soksi, kusimama akishika ukuta, kutembea akifuata kamba niliyofunga kutoka mlangoni mpaka zizini. Nilimuuliza yale ambayo sikuwahi kumuuliza. Nilimuuliza mbele ya Ndinda kama dawa zinamsumbua chumbani, na wote wawili wakainamisha macho, kisha Ndinda akajibu, nami nikabadilisha dawa. Lilikuwa swali la dakika moja. Nilimuuliza pia kama anatamani kufa. Alitikisa kichwa kwamba ndiyo, na akalia kwa lile jicho lililobaki na nguvu. Tulimtafutia mtu aliyesomea mambo ya akili, akaja mara nne, na mara hizo nne zilifanya kazi ambayo mahubiri yangu hayakufanya kwa miaka.

Naandika haya ili mjue kwamba inawezekana. Mtu wa umri huo bado anarekebishika. Anapungua kilo, analala, anaongea na mkewe, anapanda kitu. Nimeona kwa macho yangu. Ila kwa Kioko niliyafanya yote baada ya kuchelewa.

Parachichi zilizaa. Kioko aliketi kwenye kiti chini ya ukuta akitazama mkewe na watoto wakichuma, mkono wake wa kulia umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Maneno yalirudi machache: maji, Mwende, hapana. Kila nikiondoka Ndinda alinijazia kiondo matunda mpaka sehemu ya kushikia ikanikata bega. Kanisani kwao alisimama mara moja akatoa ushuhuda kwamba Mungu amemtumia mama wa huruma ambaye hachoki. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimealikwa, nimeketi kiti cha mbele.

Hali hiyo ilikwenda kwa miaka. Mwaka huu, wiki tatu kabla ya kustaafu, nilipanda ile njia na kumkuta Ndinda anafua. Kioko alikuwa kwenye kiti chake. Niliomba kiti pia.

"Mama Mwende, nina neno. Kwenye ile fomu ya kampuni nilidanganya. Presha ilikuwa mia na tisini. Niliandika nyingine."

Ndinda aliacha kufua. Mikono yake ilibaki ndani ya povu.

Kioko akapiga mkono wake mzima kwenye kiti. "Mimi," alisema. "Mimi... omba."

"Nyamaza, Baba Mwende," mkewe alimwambia bila kumtazama. "Wewe nitakusikia baadaye." Kisha kwangu: "Yeye ndiye alikuomba?"

"Ndiyo. Aliogopa kufutwa."

"Hilo naweza kuelewa. Hata mimi siku ile ningekuomba." Alikung'uta maji mikononi. "Halafu kampuni ilipokuja kukuuliza, ulisema nini?"

"Nilisema vipimo ni vile."

"Hapo uliombwa na nani?"

Nilisema jambo kuhusu watoto wangu na kazi, na nilipolisikia likitoka mdomoni nikaliacha katikati.

"Ungesema ukweli tungepata kitu?"

"Sijui. Pengine mngepata."

"Mwende aliacha shule akiwa kidato cha pili," alisema Ndinda. Hakupaza sauti. "Unajua. Ulikuwa unakuja hapa, na ulimkuta akichunga mbuzi za watu. Ulimletea daftari."

Ni kweli. Nilimletea daftari sita.

Alinyanyuka, akapangusa mikono kwa leso, akachukua kiondo changu, akatoa mashine. "Mume wangu usimpime tena. Nifundishe mimi."

Nikamfundisha. Kiti, mgongo, miguu, mkono usawa wa moyo, mkanda vidole viwili juu ya kiwiko, dakika tano za kunyamaza. Siku hiyo hazikuwa ngumu kwetu sisi watatu. Alimpima mumewe mara tatu mpaka akaweza. Nikamwonyesha jinsi ya kuandika kwenye kitabu, nikamwandikia dalili za hatari, na dawa ambazo hazipaswi kukatizwa. Nikamwachia mashine na betri. Kioko alikuwa analia, nami nikatamani kumpangusa, lakini leso ilikuwa mkononi mwa Ndinda.

Alinisindikiza mpaka langoni, kwa sababu yeye ni mtu wa heshima na mgeni husindikizwa. Kiondo kilikuwa kitupu. "Nenda salama, Mwikali," alisema. Kwa miaka yote alikuwa ananiita Sista.

Niliandika barua kwa ile kampuni, nikaeleza niliyoyafanya, nikaweka jina langu na nambari ya leseni. Walijibu kwa mistari miwili kwamba jambo hilo lilifungwa kitambo na wananitakia kustaafu kwema. Nakala nilimpelekea Ndinda kwa mkono wa mwalimu mmoja wa Kilungu. Sijui kama ameisoma. Mimi sijarudi.

Lakini tarehe ya kwanza ya kila mwezi simu yangu hulia mara moja, ujumbe kutoka kwake. Hakuna salamu ndani. Kuna nambari mbili tu, ya juu na ya chini. Huu mwezi ni mia na ishirini na nane, chini themanini na mbili. Katika miaka yangu yote ya kumpima sikuwahi kuishusha hivyo. Mimi humjibu "Asante, Mama Mwende", naye hajawahi kujibu.